Mbuni (mti wa kahawa) wa porini kule Amani una thamani ya shilingi ngapi?

Mwana wa Muheza (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite salama, mwenye nafasi akae tuongee.

Mwezi uliopita nilipanda Amani, kule milima ya Usambara Mashariki, kumjulia hali mjomba wangu. Mjomba analima hiliki na mdalasini, na shamba lake limepakana na msitu wa hifadhi. Asubuhi tukachukua mapanga kwenda kusafisha upande wa juu, ndani ya shamba lake. Tukakuta vichaka vya kimo cha mtu, majani yanang'aa, yamekaa mawili mawili yakitazamana. Nikachuma tunda nikalibinya. Zikatoka punje mbili zimelaliana tumbo kwa tumbo, kila moja na ule mfuo wake katikati. Buni kabisa, ila ndogo kama choroko.

Mjomba hakushangaa. Akasema, "Hiyo buni mwitu. Iko tangu enzi za babu yako. Hainyweki. Fito zake za kuwashia moto tu." Akainua panga. Nikamwomba asubiri. Ndipo akaniuliza swali ambalo nimeshuka nalo mlimani mpaka mjini: "Haya, wewe uliyesoma, nitajie bei. Hiliki naijua bei, mdalasini naijua bei. Hii shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nasoma kila ninachokipata, na nimeona nilete hapa kwa sababu humu wamo wakulima, wamo watu wa hesabu, na wamo wazee walioiona Tanga ya mkonge.

Nianze na nilichokipata. Kahawa inayonywewa duniani karibu yote ni ya spishi 2, arabika na robusta. Lakini ukoo wenyewe ni mkubwa. Mwaka 2019 watafiti wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, walihesabu spishi 124, na wakakuta 6 katika kila 10 zimo hatarini kutoweka. Madagascar ndiyo yenye nyingi kuliko zote, na Tanzania imo katika nchi chache zinazofuata. Mojawapo ya spishi zetu inaitwa kitaalamu *Coffea mongensis*. Mnaotoka kule mmeshalitambua jina: ni Monga, hapo hapo jirani na Amani. Jina la Monga limo katika vitabu vya mimea vya dunia nzima, na sisi wenyewe tunakata fito.

Sasa kwa nini mtu ahangaike na mbuni usionyweka? Kwa sababu huu tunaoulima ni fukara wa damu. Arabika ilizaliwa nyanda za juu za Ethiopia na majirani zake, spishi mbili zikakutana zikazaa ya tatu, nayo hujichavusha yenyewe. Mbegu chache zikavushwa bahari kwenda Yemen. Kutoka Yemen, chache tena zikaenda Java na Waholanzi. Mwaka 1706 ukapelekwa mche kutoka Java hadi bustani ya Amsterdam, na mwaka 1714 mmoja wa uzao wake akapewa mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Wajukuu wa shina lile ndio walioijaza Amerika ya Kusini. Tawi lingine lilitoka Yemen likaenda kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon, na kutoka huko mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaileta kahawa hiyo Bagamoyo miaka ya 1860, kisha ikapanda bara.

Kila safari hapo ilikuwa kichungi. Kilichofika upande wa pili ni kidogo kuliko kilichobaki nyuma. Kwa hiyo shamba la Brazil na shamba la Moshi ni binamu wa karibu mno, waliooana vizazi na vizazi. Ugonjwa ukimjua mmoja umewajua wote. Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ilikuwa nchi ya kahawa. Kutu ya majani ikaonekana pale mwaka 1869, na ndani ya miaka 20 hivi mashamba yakawa yameanguka wakageukia chai. Hata Usambara yetu ya mashariki, Wajerumani walifyeka msitu miaka ya 1890 wakapanda kahawa Derema na kwingineko. Udongo ukachoka mapema, maradhi na wadudu wakamalizia. Milima ile leo imevaa chai.

Kinga dhidi ya maradhi, uvumilivu wa joto na ukame, kafeini nyingi au kidogo, vyote hivyo vinakaa katika vinasaba. Na vinasaba ambavyo shambani vilipotea njiani, msituni bado vimo. Hapo ndipo ninapoiona thamani. Bei yake ndiyo sijaijua. Karibuni.

Shambaa wa Mlalo

Mwana wa Muheza, ahsante kwa uzi. Mimi ni mkulima wa kahawa Lushoto, nitasema nilichokiona kwa macho.

Baba alikuwa na mibuni ya zamani. Masika ikija na baridi, chulebuni inaingia. Kwa asiyeijua: buni ikiwa changa, bado kijani, inatokea doa jeusi limebonyea. Ukirudi baada ya siku chache tawi zima limebaki na maganda meusi. Ugonjwa huu ulitambuliwa Kenya mwaka 1922 na ukatufikia. Mwaka mbaya unaweza kuondoka na hadi asilimia 80 ya mavuno. Dawa ni kupulizia kopa, tena na tena, msimu mzima. Namkumbuka baba akikoroga mrututu kwenye pipa, mikono yake rangi ya buluu mpaka kwenye viwiko, sisi watoto tunapanda na ndoo za maji kutoka bondeni. Mwaka bei ilipoanguka alishindwa kununua dawa. Mwaka ule tulichuma madebe mawili katika shamba zima. Dada yangu aliacha shule mwaka ule.

Baadaye tukasikia kuna miche chotara kutoka taasisi ya utafiti ya Lyamungu, TaCRI. Mara ya kwanza niliponzwa: nilinunua kwenye kitalu kimoja cha njiani nikiambiwa ndiyo yenyewe, nikaitunza miaka mitatu, ilipozaa chulebuni ikaila mbele ya macho yangu. Mara ya pili nikafuata miche kwenye chanzo chenyewe. Hiyo sijaipulizia dawa ya chulebuni wala ya kutu hata mara moja, na inazaa.

Kwa hiyo mjomba akiuliza bei, mimi naanzia hapa: hesabu kopa nisiyonunua, hesabu siku nisizopanda na pampu mgongoni, hesabu debe lililobaki mtini. Hiyo ni bei ya kinga. Na kinga ile haikutoka kiwandani.

Mwana wa Muheza

Shambaa, umenigusa kwa hilo la dada.

Nikuongezee kinga ile ilikotoka, maana nimeifuatilia. Miaka ya 1920 kisiwani Timor kulionekana mti mmoja katikati ya shamba la arabika ambao kutu haikuugusa. Arabika na robusta walikuwa wamekutana wenyewe, bila mkono wa mtu. Watafiti wa mbegu wamechota kinga kwenye uzao wa mti huo kwa miongo mingi, na aina nyingi za kisasa zinazohimili kutu zinarudi kwake. Kwa chulebuni, chanzo kimojawapo kikubwa ni Rume Sudan, arabika ya mwituni kutoka nyanda za Boma, Sudan Kusini. Wakenya waliitumia kutengeneza Ruiru 11, iliyotoka mwaka 1985.

Yaani mti mmoja wa Timor na kichaka cha Boma vinalinda mashamba ya mamilioni ya watu. Siku vilipookotwa hakuna aliyeweza kuvitajia bei.

Bint Ngamiani

Samahani naingilia, mimi si mkulima. Nimekulia Ngamiani, na kahawa kwetu ni baraza. Jioni muuza kahawa anapita na dele lake la shaba na vile vikombe anavigonganisha, wazee wanamsikia kabla hawajamwona. Baba yangu amekaa baraza lile miaka 40. Mwaka jana daktari akamwambia presha imepanda, kahawa basi. Sasa anakwenda anakaa, anakula kashata, kikombe kinampita. Inaniuma kumwona.

Nimesoma mahali kwamba zipo buni za mwituni zisizo na kafeini kabisa. Ni kweli, au ni maneno ya biashara?

Mwana wa Muheza

Dada, ni kweli, na ziko karibu na wewe kuliko unavyodhani. *Coffea pseudozanguebariae* huota katika misitu ya mwambao wa Kenya na Tanzania. Haina kafeini. Jambo lingine la ajabu ni kwamba tunda lake hukomaa katika miezi 2 hivi tangu ua, wakati spishi nyingine za kahawa zinahitaji hata miezi 11 au 12. Ila kuinywa ndiyo taabu: ina uchungu wa namna yake, si ule uchungu wa kahawa chungu tunaoupenda. Watafiti wa Ufaransa waliizalisha na liberika, spishi nyingine ya kahawa inayolimwa, ili kujua kutokuwa na kafeini kunarithiwaje, wakapata watoto. Kwa hiyo mlango upo, ni mwembamba tu. Kwa baba, usimpe chochote cha porini. Nisalimie sana huyo mzee.

Kwa upande wa arabika, mwaka 2004 watafiti wa Brazil walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamepata miti mitatu isiyo na kafeini, au yenye kidogo mno. Miti hiyo haikuwa ya Brazil. Mbegu zake zilikusanywa Ethiopia katika msafara wa FAO wa 1964, zikapitia Costa Rica, zikafika Campinas, Brazil. Waethiopia walilalamika, na nadhani walikuwa na haki. Nitalirudia hilo.

Hesabu Ndiyo Mwamuzi

Nimeufuata uzi tangu mwanzo. Mimi kazi yangu ni uchumi, basi niseme kuhusu bei.

Hesabu imeshafanywa, angalau kwa sehemu. Mwaka 2006 Lars Hein na Franz Gatzweiler walichapisha katika jarida la Ecological Economics makadirio ya thamani ya vinasaba vya arabika iliyoko katika misitu ya Ethiopia. Hawakuhesabu buni zinazochumwa msituni wala kuni. Waliuliza hivi: vinasaba vile vikitumika kuzalisha aina zenye kinga ya maradhi, zenye kafeini kidogo na zenye mavuno makubwa, wakulima wa dunia watafaidi kiasi gani, ukitoa gharama na miaka ya utafiti? Wakapata dola milioni 1,458 ukipunguza kwa asilimia 5 kwa mwaka, na dola milioni 420 ukipunguza kwa asilimia 10.

Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu swali la mjomba linajibiwa na hizo asilimia mbili kuliko na dola zenyewe. Msitu ni ule ule, miti ni ile ile, tofauti ni zaidi ya mara tatu. Imetoka wapi? Kuzalisha aina mpya ya kahawa ni kazi ya miaka 25 au 30: unachavusha, unapanda, unasubiri mti uzae, unachagua, unarudia. Faida iko mbali. Na fedha ya mbali si sawa na ya mkononi. Shilingi 1,000,000 utakayolipwa baada ya miaka 30, ukiipunguza kwa asilimia 5 kila mwaka, leo ni kama shilingi 231,000. Ukiipunguza kwa asilimia 10, ni kama shilingi 57,000.

Sasa mtu mwenye mtoto anayetakiwa shuleni Januari, na anayekopa kwa riba za mtaani, anapunguza kwa asilimia kubwa kuliko hizo zote. Kwake ile milioni ya miaka 30 ijayo leo haifiki hata bei ya sahani ya wali. Hajakosea. Anahesabu kwa hali yake. Kampuni kubwa ya kahawa ya Ulaya, au serikali, inaweza kusubiri, na kwake mbuni ule ule ni mali. Kwa hiyo bei haimo ndani ya mti peke yake. Imo pia katika uwezo wa mtu kungoja.

Na naomba tusimpelekee mjomba zile dola kana kwamba ni zake. Zile ni za arabika ya Ethiopia. Mbuni wa Monga ni spishi nyingine, ya mbali, na haujampa mkulima yeyote chochote hadi leo.

Kijana wa Chumbageni

Kwa maelezo yako basi jibu ni sifuri. Spishi ya mbali, haijatumika, haichanganyiki kirahisi na arabika, faida miaka 30. Watu wa kule wanahitaji kipato sasa hivi. Walishazuiwa hiliki msituni, walishazuiwa miti, sasa mnataka wazuiwe na vichaka. Mimi bibi yangu ni wa kule. Kila mgeni anayepanda ule mlima anakuja na jambo la kuhifadhi, hajapanda hata mmoja na zahanati.

Mwana wa Muheza

Ndugu yangu wa Chumbageni, sitakupinga kuhusu bibi. Uchungu huo ninao pia.

Ila sifuri nakataa, na nitakupa mfano. Pale Sierra Leone kulikuwa na kahawa iitwayo *Coffea stenophylla*. Ililimwa zamani, ikaachwa robusta ilipokuja kwa kuwa haikuzaa sana. Miongo kadhaa haikuonekana msituni, mpaka mwaka 2018 watafiti walipoikuta tena, miti michache imebaki. Wakaipima, wakaionja. Inaota mahali penye wastani wa joto wa nyuzi 24.9 kwa mwaka, zaidi ya nyuzi 6 juu ya pale arabika inapopendelea, na waonjaji wakaikuta na ladha ya kukaribia arabika nzuri. Kabla ya hapo, mkulima wa kijiji kile angekuwa amejibu kama mjomba: haina kazi, kata. Nani angeweza kumlaumu? Na kama wangekata ile ya mwisho, tusingejua hata tulichokosa.

Tena joto halituhusu kwa mbali. Mwaka 2015 ulitoka utafiti juu ya arabika ya hapa hapa Tanzania: usiku ukizidi joto kwa nyuzi 1, mavuno hupungua kwa takriban kilo 137 kwa hekta. Ni usiku, si mchana.

Shambaa wa Mlalo

Hilo la usiku nalithibitisha. Nilipokuwa mdogo Juni na Julai tulilala na moto ndani. Sasa wanangu wanalala na shuka moja. Na mibuni inaiva kwa haraka haraka, buni nyepesi, mkononi unaisikia.

Mzee wa Mkonge

Wanangu, nimesoma yote kwa miwani, polepole. Nimefanya kazi mkonge tangu kijana, Pangani kisha Korogwe.

Huyo kijana wa Chumbageni asipuuzwe. Lakini Tanga imeshaonja pande zote mbili za jambo hili. Mkonge uliokuja nao Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ulianza safari ukiwa miche 1,000, ikapona 62. Ikapandwa Kikogwe, kule Pangani. Mkonge wote wa Tanga mnaousikia, reli, bandari, nyumba zile za Raskazone, ulianza na miche 62. Tulitajirika juu ya damu nyembamba. Halafu watu wa utafiti pale Amani na Mlingano wakatafuta jamaa wengine wa mkonge wakawachanganya. Mmoja wa hao jamaa anaitwa *Agave amaniensis*, kwa jina la Amani. Ikatoka chotara 11648. Majani mengi zaidi kabla ya kutoa mlingoti, yasiyo na miiba pembeni, mkataji hachanwi mikono. Nimeikata mwenyewe. Leo Wachina wanailima kwa wingi. Hiyo ilitoka kwa kutunza jamaa ambao hakuna aliyekuwa anawahitaji.

Upande wa pili ni ua. Bwana mkubwa wa Kijerumani wa hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona mwaka 1892 katika miamba ya Usambara, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 likapewa jina Saintpaulia, jina la ukoo wake. Sasa limo madirishani dunia nzima, linauzwa kwenye maduka makubwa Ulaya na Marekani. Nimeishi Tanga maisha yangu yote. Sijamwona mtu mmoja wa Amani aliyejengewa hata darasa kwa fedha ya ua lile.

Kwa hiyo mbuni wenu una thamani, hilo msibishane. Bishaneni itamfikia nani.

Hesabu Ndiyo Mwamuzi

Shikamoo mzee wangu. Umelisema ambalo mimi na takwimu zangu sikulifikia.

Niongeze la sheria kidogo. Zamani mmea wa porini ulihesabiwa kuwa wa wote, anayefika anachota. Mkataba wa Bayoanuai wa mwaka 1992 ukasema nchi ndiyo mwenye mamlaka juu ya vinasaba vyake, na Itifaki ya Nagoya ya 2010 ikaweka utaratibu: ruhusa kwanza, makubaliano ya mgawo kabla ya kuchukua. Upo pia mkataba wa kimataifa wa vinasaba vya mimea ya chakula, ambao una orodha ya mazao ya kubadilishana kwa masharti ya pamoja. Kahawa haimo katika orodha hiyo. Maana yake kila mtafiti anayetaka kahawa yetu ya porini lazima akae mezani na nchi.

Lakini mbegu zilizotoka kabla ya hapo zimeshatoka. Zile za msafara wa 1964 zilienda India, Costa Rica, Peru, na hata Lyamungu kwetu. Ndiyo maana ule mgogoro wa kahawa isiyo na kafeini ulikuwa mzito.

Bint Ngamiani

Naomba kuuliza swali la mtu asiyejua. Kwa nini zisiwekwe tu kwenye barafu? Tunasikia kuna maghala ya mbegu duniani. Ziwekwe huko, watu wa Amani waachwe walime kwa raha.

Mwana wa Muheza

Swali zuri sana dada. Mbegu ya mahindi au mtama unaikausha, unaigandisha, inakaa miaka mingi. Ya kahawa haivumilii hivyo, ukiikausha na kuigandisha kwa njia ya kawaida inakufa. Zipo mbinu za maabara, ila ni ghali na si za kila spishi. Kwa hiyo hifadhi ya kahawa ni shamba lenye miti hai, kama lile la Jimma Ethiopia, la Kianjavato Madagascar au la Turrialba Costa Rica. Shamba linataka mpalilio na mshahara kila mwezi, na fedha ikikatika miti inakufa. Tena mti wa shambani umesimama na umri ule ule. Msituni kila kizazi kinapambana na maradhi mapya na joto jipya, kinaendelea kujifunza.

Kwa hiyo hatuna barafu. Tuna msitu, na jirani wa msitu.

Kijana wa Chumbageni

Basi huyo jirani alipwe. Ndiyo hoja yangu tangu mwanzo, labda niliisema kwa hasira.

Na msiseme haiwezekani. Mradi wa vipepeo Amani ulikuwa unalipa. Bibi yangu alifuga buu kwenye kibanda cha neti nyuma ya jiko, alipanda majani wanayokula, akauza mabuu yaliyojifunga, yakasafirishwa kwenye mabustani ya vipepeo Ulaya. Fedha ilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Alikuwa mkali kwa mtu anayekata mti kuliko bwana misitu, maana alijua kipepeo gani anataka mti gani. Mwaka 2016 ilipozuiwa kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, vipepeo nao wakaingia humo. Kibanda kikabaki kitupu. Ninachokataa ni ahadi inayomtegemea mnunuzi mmoja wa mbali na kalamu moja ya mkubwa.

Bint Ngamiani

Sasa nimeelewa, na nina wazo. Maji ya mjini Tanga yanatoka mto Zigi, yanakusanywa bwawa la Mabayani. Zigi unatoka huko huko juu kwenye msitu wa Amani. Sisi huku mjini tunalipa bili kila mwezi. Kwa nini tungoje miaka 30 ya kahawa? Anayemtunza Zigi ndiye huyo huyo anayemtunza mbuni wa Monga. Alipwe kwa maji leo, kupitia bili, hata kidogo, na buni ikae humo humo ikisubiri zamu yake.

Hesabu Ndiyo Mwamuzi

Bint Ngamiani, hapo umetatua kitu ambacho wachumi wanakizunguka kwa kurasa nyingi. Thamani ya mbali ya vinasaba haiwezi kumlisha mtu, lakini inaweza kupanda kwenye mgongo wa thamani ya karibu. Maji ni moja. Uchavushaji ni nyingine: Costa Rica, utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha mibuni iliyo ndani ya kilomita 1 kutoka msituni ilizaa asilimia 20 zaidi kwa sababu ya nyuki wa msitu. Mkulima haoni jeni, ila debe la ziada analiona. Kazi ngumu ni fedha hiyo ifike kwa mjomba bila kuishia ofisini. Malipo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa sauti, jina kwa jina.

Mwana wa Muheza

Jana nilimpigia mjomba. Nikamsomea post ya Shambaa yote, na ya mzee wa mkonge. Alisikiliza bila kunikatiza, ambayo si kawaida yake. Nikamweleza habari ya asilimia 5 na asilimia 10 kwa mfano wa hiliki: unauza mbichi leo kwa bei ya kutupa, au unakausha usubiri. Akasema hiyo anaijua, asiye na akiba huuza mbichi.

Kisha akanijibu hivi: "Basi wapo watu wa kukausha, na mimi ni mtu wa kuuza mbichi. Wakitaka nisikate waje tuongee." Halafu akaniambia vile vichaka havikukatwa. Vipo 11, amevihesabu. Vinne vimo shambani kwake, vilivyobaki viko ng'ambo ya mawe ya mpaka.

Nitapanda Jumamosi ijayo. Shambaa, nadhani ungependa kuiona kwa macho. Ukiteremka Ijumaa tunaonana stendi ya Kange asubuhi, Muheza tunatafuta gari la Amani. Nachukua daftari na futi ya kupimia. Kuna ninachopaswa kuandika ili kiwe na maana kwa watu wa mimea?

Shambaa wa Mlalo

Nipo. Nitakuja na tawi la mbuni wangu tulinganishe majani.

Hesabu Ndiyo Mwamuzi

Andika mahali, tarehe, kimo cha kila kichaka, kama kina ua au tunda, kiko kivulini au juani, na mjomba anakiitaje kwa Kisambaa. Piga picha pande zote za jani. Piteni kwanza ofisi ya hifadhi mjieleze, hata kwa vile vinne vya shambani. Na msichukue mbegu hata moja bila kibali. Mkishakuwa pale, mwulizeni mjomba kama babu yake aliwahi kuzitumia kwa chochote, dawa au fito za nyumba. Hilo liandikeni kwa maneno yake mwenyewe, na jina lake juu, kama atakubali.